Ngoma Iliyotoka Stesheni kwa Miguu

"Maziwa sitaki. Nataka kibuyu."

Sechelela akainua uso. Palikuwa sokoni Dodoma, kando ya stesheni, siku ya gulio, mbuzi wanalia, gari la moshi linapumua, kila mtu anamkanyaga mwenzake. Mbele yake alisimama kijana mrefu, kanzu nyeupe kupita kiasi kwa mji wenye vumbi kama ule, koti la kijivu juu ya kanzu, kofia imekaa upande. Kijana alikuwa mzuri. Kibaya ni kwamba alijua.

"Mimi nauza maziwa," Sechelela akasema. "Kibuyu ni nguo yake. Nikikuuzia nguo, maziwa yarudi nyumbani uchi?"

Wanawake waliokaa naye wakaangua kicheko. Kijana hakutetereka.

"Nitayanywa hapahapa. Kisha uniuzie kibuyu kitupu."

"Yote? Haya ni maziwa ya kaya nzima."

"Yote."

"Kwa matamshi hayo wewe ni Mrangi wa Kondoa. Mtani wetu. Kunywa basi, mtani. Ukipasuka tutakuja msibani kwako tuibe masufuria."

Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa. Maziwa ya mgando hayo, mazito, si ya kushuka upesi. Watu wakaacha biashara zao wakaja kutazama koo la kijana likipanda na kushuka. Alipokishusha kibuyu alikuwa na masharubu meupe na macho yamemtoka kidogo, lakini kibuyu kilikuwa kitupu.

"Jina langu Halfani," akasema, kisha akacheua.

Mapenzi mengine huanza kwa ua au kwa barua. Haya yalianza kwa kucheua, nami sioni ubaya. Angalau mtu amejulikana mapema.

Halfani alikuwa mnunuzi na mkalimani wa Mdachi mmoja aliyepanga chumba nyuma ya stesheni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, na Mdachi huyo alizunguka nchi nzima ya Ugogo akinunua vitu vya kale avipeleke kwao Ulaya, kwenye nyumba kubwa ambako watu huingia kuvitazama kisha wakaenda zao. Vigoda vilivyolika kwa kukaliwa, mikuki, mazeze, vijiko, ngao zilizoliwa na mchwa. Kitu kipya hakukitaka hata bure. Watu walimwita Bwana Makorokocho, naye alidhani ni jina la heshima.

"Hata kisipofaa tena?" Sechelela aliuliza siku ile.

"Kisipofaa ndicho kizuri zaidi."

"Basi nina bibi nyumbani. Wa kale kabisa, jino moja. Mwambie bwana wako aje na sanduku refu."

Halfani akacheka mpaka maziwa yakataka kurudi. Na alipocheka alimtazama vizuri. Kaniki nyeusi imefungwa kifuani, shanga nyekundu na nyeupe shingoni hadi mabegani, bangili za shaba zinazopandana mkononi, nywele zimesukwa nyembamba na kupakwa samli na udongo mwekundu, na katikati ya paji la uso ile alama ya duara ya Kigogo, kama muhuri wa mtu aliyekwisha kukaguliwa akaonekana hana kasoro.

Gulio lililofuata akarudi. Na lililofuata. Miezi mitatu Halfani alikunywa maziwa mengi kuliko ndama. Bwana Makorokocho alipata vibuyu kumi na viwili vya aina moja, akauliza, "Halfani, kwa nini vyote vinatoka Ipagala?"

"Huko ndiko kwenye vibuyu, bwana," akajibu Halfani, bila haya.

*

Wakati wa mavuno Sechelela akamwalika kwao Ipagala kutazama ngoma.

"Utasimama upande wa wanaume," akamwonya. "Na usishike kitu. Nakujua, mikono yako imezoea kununua."

Kwa Wagogo kuna ngoma zinazopigwa na wanawake. Kiuno chembamba katikati, mdomo mpana juu na chini, na mpigaji husimama akaibana ngoma katikati ya mapaja yake, akaipiga kwa viganja. Mwanamume huicheza, huiimbia, huisifu. Haipigi wala haigusi. Ngoma kubwa ya Ipagala wanawake waliiita Mama. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono ya wanawake wanne waliopokezana tangu zamani, wa nne akiwa Bibi Mbeleje, yule mwenye jino moja. Sasa magoti ya Bibi yalikuwa yamechoka, naye alikuwa anamrithisha mjukuu.

Sechelela akajifunga njuga miguuni, akaibana Mama, akafumba macho, akapiga.

Mimi sina maneno ya kueleza. Niseme tu kwamba Halfani alikuwa ameshika kipande cha nyama ya mbuzi, na ngoma ilipokwisha nyama ilikuwa bado mkononi, imepoa, na nzi wameshiba.

"Umenyamaza, mtani," Sechelela alimwambia baadaye, jasho likimtiririka juu ya shanga. "Leo hata bei hutaji?"

"Sechelela, nataka kuja kuzungumza na wakubwa wako."

"Habari ya vibuyu?"

"Habari yako."

Mzaha ukamtoka usoni. Akatazama pembeni, kisha akamtazama yeye.

"Sikiliza. Ndani kuna wasichana, wali kumi na mmoja, wanafundwa. Mwezi ujao ukiandama nitawatoa nje kwa Mama, mbele ya watu wote. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuongoza. Nisipowatoa, wataendelea kukaa ndani, na mimi nitabaki mtoto wa Bibi, sina neno langu. Nikiwatoa, mimi ni mwanamke mwenye kauli. Njoo siku ile. Kabla ya hapo ukija, nitakuachia mbwa."

"Mbwa wako ananijua."

"Nitaazima mwingine."

*

Usiku ule Halfani hakupata usingizi, na asubuhi mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bwana Makorokocho.

"Mbona unatabasamu peke yako?" akauliza Mdachi. Kiswahili alikijua vizuri. Kigogo ndicho kilichomshinda.

Mwanamume akipenda, mdomo wake hauna kitasa. Halfani akaeleza yote. Ngoma ilivyo, rangi yake, umri wake, sauti yake, mikono ya wanawake wanne. Alikuwa anamsifu Sechelela, lakini kwa kuwa ni aibu kumsifu mchumba mbele ya bwana wako, sifa zote akazitupia ngoma. Bwana Makorokocho akachukua kalamu akaandika. Siku tatu baadaye akamtuma Halfani Bahi, kwenye mabwawa, akanunue migono ya zamani ya kutegea samaki. Naye mwenyewe akapanda punda akaenda Ipagala.

Alifika mchana, wanawake wote wamekwenda kisimani. Nyumbani alikuwapo Mjomba Matonya peke yake, amelala kivulini mwa nyumba ya tembe. Matonya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kupendeza, tena maskini hakujaliwa. Mdachi akamwonyesha koti la kijeshi, zito, kola nyekundu, vifungo vya shaba safu mbili. Matonya akalivaa. Akajitazama kwenye maji ya mtungi. Basi, kwisha habari yake.

Wanawake waliporudi na mitungi kichwani walimkuta amesimama mlangoni juani, amevaa koti, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa uji, anasema, "Si mbaya, eeh?"

Bibi Mbeleje alimpita. Aliingia ndani. Ukutani, pale Mama alipotundikwa, palibaki vigingi viwili tu na duara jeusi la masizi.

*

Sechelela alikimbia toka Ipagala hadi stesheni bila kupumzika. Karani wa simu ya waya alikuwa Nikodemo, kijana wa misheni, miwani, kola imepigwa pasi, hodari wa kazi yake na hodari zaidi wa habari za watu.

"Nataka kusema na Halfani. Yuko Bahi."

"Dada, simu ya waya ni ya serikali na ya gari moshi."

Sechelela akaweka kibuyu cha maziwa juu ya meza. Nikodemo akatazama huku na huku, akakishusha chini ya meza, akavuta kiti.

"Sema polepole. Karani wa Bahi ni rafiki yangu, atamwita."

Wakangoja. Kisha kile chombo kikaanza kuchakacha kama panya kwenye magunzi.

"Yuko hapo," akasema Nikodemo. "Anasema: Hujambo, asali yangu."

"Mwambie asali imeingia siafu. Muulize, aliyempa bwana wake habari ya ngoma yetu ni nani?"

Nikodemo akagonga. Wakangoja. "Anauliza kumetokea nini."

"Mwambie imechukuliwa! Imo ndani ya sanduku hapo nyuma ya stesheni, na Ijumaa inapanda gari moshi. Mwambie yeye ni..." Hapo akataja mnyama, na sehemu ya mnyama.

"Hilo siligongi. Mimi Mkristo."

"Basi gonga linalokaribiana nalo."

Nikodemo akafikiri, akagonga kitu kifupi.  Kisha chombo kikaanza, naye akasoma neno moja moja, sauti ikishuka.

"Ni... mimi... niliyemwambia."

Sechelela akashika ukingo wa meza. "Kwa nini? Muulize kwa nini."

"Bado anasema, ngoja. Nilimwambia... kwa... sababu..." Nikodemo akainua kichwa. Kengele ilikuwa inalia ukutani. "Dada, gari la Morogoro linaingia. Waya wanautaka."

"Kwa sababu gani?"

"Umekatwa. Waya huu una wenyewe, dada."

Wanawake tunajua kumalizia sentensi ya mwanamume iliyokatika, na hatuimalizii kwa upande wake. Njia nzima ya kurudi Ipagala Sechelela alikuwa anaimalizia. Kwa sababu nilikuwa nakunywa maziwa yako nikipeleleza nyumba yenu. Kwa sababu wewe na kibuyu ni mamoja. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, mjinga wewe.

*

Halfani alirudi siku ya pili juu ya behewa la kokoto, amekaa katikati ya migono kumi, kanzu imekuwa rangi ya udongo. Hakupita kwa bwana wake. Alikwenda moja kwa moja Ipagala, akamkuta Sechelela anatwanga. Mchi haukusimama.

"Mbukwa," akaamkia kwa Kigogo.

"Unanuka kambare."

"Sechelela, nisikilize."

"Miezi mitatu umekunywa maziwa yangu ukitafuta ngoma."

"Nilikuwa nakutafuta wewe! Bwana nilimsimulia kwa sababu usiku ule sikulala, na asubuhi yeye ndiye niliyekutana naye kwanza. Angetangulia punda, ningemsimulia punda."

Mchi ukasita kidogo, kisha ukaendelea kwa nguvu zaidi.

"Ungemsimulia punda tungekuwa na ngoma yetu. Wali kumi na mmoja wako humo ndani. Mama zao wananitazama mimi. Unajua wanachonong'ona? Kwamba nimeleta mnunuzi mpaka chumbani kwa Bibi."

"Nitairudisha."

"Maneno unayo, siku zote unayo. Mimi nataka Mama. Bila Mama usinijie hapa, wala usinunue maziwa kwangu. Kanunue kwa mbuzi."

Akaenda kwa bwana wake. Bwana Makorokocho alikuwa ameinama juu ya masanduku, anapanga majani makavu kuzunguka Mama kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

"Bwana, ngoma hii aliyeiuza si mwenyewe. Ni ya wanawake. Si kitu cha kuuzwa."

Mdachi akainua kichwa, uso umemng'aa. "Si ya kuuzwa? Kabisa?"

"Kabisa, bwana."

"Vizuri sana!" Akatoa kalamu akaandika. "Na nini tena?"

"Mwanamume haruhusiwi kuigusa."

"Vizuri mno!" Akaandika tena.

Halfani akaona kwamba kila neno alilosema lilizidi kupigilia msumari kwenye sanduku. 

"Imenunuliwa, Halfani, habari imekwisha," bwana akaendelea. "Lakini kabla ya kuifunga nataka kuchukua sauti yake." Akafunua kitambaa mezani. Palikuwa na kijisanduku chenye mkono wa kuzungusha na pembe pana la bati, na ndani yake mwanzi wa nta. Sauti ikiingia kwenye pembe, ilichorwa kwenye nta ikakaa humo. "Nimemwita yule mwenye koti apige."

Matonya alikuwa hapo tayari, amefunga vifungo vyote. Alikuwa ameapa hatagusa, lakini aliahidiwa na kofia. Akapiga. Ilisikika kama mtu anayekung'uta ngozi ya ng'ombe iliyoloa. Bwana Makorokocho akakunja uso.

"Hii ndiyo sauti uliyonisifia?"

"Huyu ni mwanamume, bwana," akasema Halfani, na hapo moyo wake ukaruka kama panzi. "Ukitaka sauti yenyewe, ita wanawake."

"Basi walete kesho asubuhi."

*

Bibi Mbeleje alimsikiliza Halfani mpaka mwisho, ameketi kwenye ngozi, kiko mdomoni upande wa jino.

"Hicho kisanduku cha sauti," akauliza, "kina miguu?"

"Hakina, bibi. Kinakaa mezani, na meza ni nzito."

"Na bwana wako ameshaona tunavyoishika ngoma?"

"Hajaona. Alimwona Matonya tu, ameiweka sakafuni."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka, mpaka kiko kikazimika.

"Mwambie tunakuja. Tena tunakuja wengi, ngoma haipigwi na mtu mmoja. Matonya!" Matonya, aliyekuwa amejificha nyuma ya zizi, akatokeza kichwa. "Vua hilo koti ulete hapa."

Sechelela akamsindikiza Halfani hadi mwisho wa ua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsogelea tangu Bahi.

"Kesho utasimama wapi, mtani?"

"Mimi mkalimani. Nasimama katikati."

"Kesho katikati hapatakuwa na mtu," akasema, akarudi ndani.

*

Jua halijapanda sana, wanawake wa Ipagala wakaingia Dodoma. Arobaini, na wengine thelathini wa Miyuji waliosikia habari wakasema hawawezi kukosa. Shanga zimeoshwa, samli inametameta, njuga zinalia kila hatua. Sokoni watu wakatandua bidhaa wakafuata. Wahindi wakatoka madukani. Mafundi wa reli wakapanda juu ya mabehewa. Mke wa mkuu wa stesheni, mama wa Kizungu, akatoka na mwavuli.

Meza ilikuwa nje, pembe la bati limeelekezwa mbele. Bwana Makorokocho amevaa tai. Pembeni yake alisimama Ombasha Bashiri, askari mwenye masharubu na viatu vinavyong'aa, aliyeletwa kulinda utaratibu.

"Mwambie bwana," akasema Bibi Mbeleje, "Mama amelala kwenye majani siku tatu, ngozi imelegea. Aanikwe juani kwanza apate sauti."

Halfani akatafsiri. Sanduku likafunguliwa, Mama akatolewa, akawekwa juani. Wanawake wakamzunguka. Bibi akainama kwenye sanduku tupu kitambo, kama mzee anayetafuta pa kujishikiza, akainuka. Hakuna aliyemwangalia. Wote walikuwa wanamtazama Sechelela, ambaye aliigonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akaigonga tena, kisha akaiinua ngoma, akapanua miguu, akaibana kwenye mapaja.

Mdachi akazungusha mkono wa kijisanduku chake.

Sechelela akapiga.

Mlio ukapita sokoni, ukagonga mabati ya stesheni ukarudi. Ngoma ndogo walizokuja nazo zikamjibu, njuga zikaingia, wanawake wakaimba. Bwana Makorokocho akafumba macho kwa furaha. Nta ikajaa. Akafungua macho, akapiga makofi.

"Safi! Inatosha! Asante!"

Hawakuacha. Sechelela akasogeza mguu wa kulia shibiri moja. Kisha wa kushoto. Duara zima likasogea naye, kama kundi la kanga wanaohama shamba.

"Inatosha! Halfani, waambie wasimame!"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama Halfani. Na Sechelela, bila kuacha kupiga, alikuwa anamtazama. Mwanamume huyo alikuwa na kazi nzuri kuliko vijana wote wa Kondoa, alikuwa na koti, kofia na chumba chenye dirisha. Akavuta pumzi, akapaza sauti kwa Kigogo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama:

"Kazeni mwendo! Msigeuke nyuma! Kazeni mwendo, mama zangu!"

Vigelegele vikapasua anga. Duara likawa mstari, mstari ukashika njia.

"Umewaambia nini?" akafoka Mdachi.

"Nimewaambia waende nyumbani na ngoma yao, bwana." Akavua kofia, akaiweka mezani kando ya pembe.

Bwana Makorokocho akawa mwekundu kama kola ya koti alilotoa. "Ombasha! Chukua ngoma ile!"

Ombasha Bashiri akapiga saluti, akatoka mbio, viatu kwa-kwa-kwa, akampata Sechelela, akasimama mbele yake. Akanyoosha mkono. Kisha akatazama ngoma ilipo. Mkono ukabaki hewani.

"Chukua!"

"Bwana," akasema Ombasha, sauti imekuwa nyembamba, "niupeleke mkono wapi?"

"Bashiri!" Sauti ikatoka upande wa wauza mtama. Alikuwa mkewe, mwanamke mnene, mikono kiunoni. "Thubutu! Wewe thubutu tu, halafu leo uje unitafute nyumbani!"

Dodoma nzima ikaangua kicheko. Ombasha akarudisha mkono nyuma ya mgongo, na kwa usalama akaushika kwa mkono wa pili. Mdachi akaja mwenyewe, kwa hasira, tai imepinda. Sechelela akamkazia macho na kupiga kwa nguvu zaidi. Mkono wa Kizungu ukanyooka, ukashuka, ukapanda. Wahindi wanatazama. Mafundi wanatazama. Mama wa mwavuli akaita jina lake kwa Kidachi, mara moja tu, kwa sauti ya mwalimu. Bwana Makorokocho akaingiza mkono mfukoni.

Hivyo ndivyo Mama alivyotoka stesheni kwa miguu, tena kwa miguu ya watu. Sechelela alipochoka, alimpokeza mwenzake paja kwa paja, na huyo akampokeza mwingine, ngoma haikugusa ardhi wala mkono wa mwanamume hadi Ipagala. Na bwana aliporudi kulipigilia sanduku lake alikuta ndani koti limekunjwa vizuri juu ya majani, vifungo vyote vipo, hata kimoja hakikukosekana. Angeshitaki bomani angesema nini? Mali yake alirudishiwa. Na angeulizwa ngoma ilikuwa wapi wakati askari akishindwa kuishika, angelazimika kuonyesha.

*

Halfani alitembea nyuma ya msafara, pamoja na mbwa. Nje ya mji, zamu ya kupiga ilipompita, Sechelela akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Viganja vyake vilikuwa vimevimba.

"Hivyo huna kazi," akasema.

"Sina."

"Wala kofia."

"Iliniminya."

Wakatembea.

"Siku ile ya simu," akasema Sechelela. "Ulisema kwa sababu, kisha waya ukakatika. Ilikuwa kwa sababu gani? Sitaki ile ya punda."

"Kwa sababu nilitaka kusema jina lako siku nzima, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikasema ngoma, ngoma, ngoma. Kila ngoma ilikuwa wewe."

 Sechelela akachukua upindo wa kaniki, akaulowesha kwa mate, akamfuta vumbi kwenye shavu, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Mbwa akatazama pembeni.

Mwezi ulipoandama, wali kumi na mmoja wakatolewa nje mbele ya watu wote, Sechelela akiongoza, na watu wa Ipagala waliapa hawajapata kusikia Mama akisema vile. Kutoka Kondoa alikuwa amefika Mwantum, mama yake Halfani, na wajomba zake watatu, mbuzi tisa, na mitungi miwili ya asali. Wazee wakaketi. Wakazungumza mbuzi, wakazungumza ng'ombe waliobaki kuletwa, wakazungumza dini, Mwantum akauliza mwanawe atasali wapi, Bibi Mbeleje akamjibu kwamba Ugogo kuna nafasi, achague. Kisha mjomba mmoja akageuka kwa Bibi.

"Basi tupe jibu, bibi. Mnatupa binti au hamtupi?"

"Sina jibu," akasema Bibi. "Mwenye ngoma mnamwona pale. Muulizeni mwenyewe."

Wazee wa Kirangi wakatazamana. Binti kuulizwa mbele ya wakwe? Sechelela akasimama, bado na njuga miguuni, jasho la ngoma halijamkauka.

"Namtaka," akasema, waziwazi, watu wote wakasikia. "Lakini Kondoa siendi. Mama haondoki tena Ipagala, na mimi siondoki kwa Mama. Halfani, ngoma haihami. Wewe unahama?"

Mwantum akafungua mdomo. Halfani akamwahi.

"Mimi nimekwisha kuhama," akasema. "Nilihama siku ile niliyopanda behewa la kokoto. Ninyi ndio mliochelewa kuniona."

Mwantum akamtazama mwanawe, akamtazama msichana, akatazama viganja vya msichana vilivyovimba. Kisha akavua kanga yake ya juu, mpya, yenye maua mekundu, akalivuka duara la wazee waliokuwa bado hawajamaliza kukohoa, akamfunga nayo Sechelela kiunoni mwenyewe, akalikaza fundo.

"Sasa piga," akamwambia. "Nimetoka mbali, na hawa wanaume wanazungumza sana."